Ile namba ya tarakimu 21 ukutani Mikindani: maswali mnayouliza mara kwa mara

Ukuta wa banda letu la tuisheni hapa Mikindani, ule unaotazama barabara, una namba niliyoiandika kwa rangi ya bluu juu ya chokaa:

147,573,952,589,676,412,927

Chini yake nimeongeza maneno manne tu: "Si tasa. Kwa nini?" Namba tasa ni ile inayozidi 1 na isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Tangu hapo haipiti wiki bila mtu kusimama kuuliza. Wanauliza wanafunzi, wanauliza wazazi, wanauliza bodaboda wanaosubiri abiria kivulini, na wazee wa bao wa pale chini ya mwembe nao huuliza, na maswali yao ndiyo huwa magumu zaidi. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mara. Mengine nimeyajibu kwa sentensi mbili, mengine kwa kirefu, kwa kuwa ndivyo yalivyo.

Hiyo ni namba ya simu, au ya akaunti ya benki?

Hapana. Haina mwenyewe. Chukua 2, zidisha kwa 2, jibu lizidishe tena kwa 2, uendelee hivyo mpaka mbili ulizozidisha zitimie 67. Kisha toa 1. Darasani tunasema mbili kwa kipeo cha 67, toa moja, na tunaandika 2^67 − 1.

Inasomwaje?

Njia nyepesi ni hii: chukua bilioni 147 na nusu hivi, kisha uzirudie mara bilioni moja. Watoto wangu huisoma kwa makundi ya tarakimu tatutatu, kutoka kushoto, kama mtu anayetaja vituo vya basi. Inatosha.

Kwa nini 67? Mbona si 60 au 70?

Swali hili liliulizwa na mzee mmoja wa bao, na bao ndilo lililonipa jibu.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Weka kete moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Ukijumlisha mashimo manne ya mwanzo unapata 1 + 2 + 4 + 8 = 15, yaani 16 toa 1. Kanuni ni hiyohiyo siku zote: jumla ya mashimo yote huwa pungufu kwa moja tu ya kile ambacho kingeingia shimo linalofuata. Kwa hiyo bao zima lingekula kete 2^32 − 1, ambazo ni 4,294,967,295.

Sasa yatazame mashimo mawilimawili. Mawili ya kwanza yana 1 + 2 = 3. Mawili yanayofuata yana 4 + 8 = 12, ambazo ni 3 mara nne. Yanayofuata yana 16 + 32 = 48, ambazo ni 3 mara 16. Kila jozi ni 3 iliyozidishwa kwa kitu. Basi hata kabla ya kumaliza kujumlisha unajua kwamba jumla ya bao zima inagawanyika kwa 3. Ukiyakusanya mannemanne unaona 15, kwa hiyo 5 nayo imo. Ukiendelea hivyo, bao zima linapasuka lote: 4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Namba hizo tano zote ni tasa. Mimi huiona hesabu hii kuwa nzuri kuliko nyingi zilizomo vitabuni, maana imekaa ndani ya ubao ambao babu zetu wameuchezea miaka mingi.

Weka mabao mawili sambamba, mashimo 64. Nayo yanapangika mawilimawili, kwa hiyo nayo yanapasuka. Lakini chimba mashimo matatu mengine mchangani pembeni. Sasa unayo 67, na 67 haipangiki: si mawilimawili, si matatumatatu, si kwa fungu lolote lililo sawa, kwa sababu 67 yenyewe ni tasa. Ule mlango rahisi umefungwa. Ndipo utafiti unapoanza: je, jumla ya mashimo 67 ni tasa au si tasa?

Kama idadi ya mashimo ni tasa, si jumla nayo itakuwa tasa?

Ndivyo inavyovutia kufikiri. Mashimo 2 yanatoa 3, tasa. Mashimo 3 yanatoa 7, tasa. Mashimo 5 yanatoa 31, tasa. Mashimo 7 yanatoa 127, tasa pia. Kisha unafika mashimo 11: jumla ni 2,047, na 2,047 = 23 × 89.

Nimewahi kuwaambia watoto walete korosho ghafi 2,047 wakati wa msimu, tukazipanga sakafuni, mistari 23 ya korosho 89. Haikubaki hata moja mkononi. Kabla ya hapo nusu ya darasa ilikuwa imeapa kwamba 2,047 ni tasa, maana walishaijaribu kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 13, wakachoka kabla ya kufika 23.

Ni kubwa kiasi gani kwa vitu tunavyovijua?

Tuseme kilo moja ya korosho ghafi ina punje 200, na tuseme nchi nzima inavuna tani 300,000 kwa msimu. Kuzipata korosho zinazotimia namba iliyo ukutani kungehitaji misimu takribani bilioni mbili na nusu. Dunia yenyewe ina umri wa miaka takribani bilioni nne na nusu.

Ina vigawo vingapi?

Vinne tu: 1, 193,707,721, 761,838,257,287, na yenyewe. Hivyo viwili vya katikati ni namba tasa.

Hapa watu wengi hushangaa, wakidhani namba kubwa lazima iwe na vigawo vingi. Zidisha namba zote kuanzia 1 hadi 20. Unapata 2,432,902,008,176,640,000, ambayo ni ndogo kuliko ya ukutani, tena kwa mara zaidi ya sitini. Lakini ina vigawo 41,040. Ile inagawanyika kwa karibu kila kitu unachokigusa. Hii ya kwetu imejifungia kama konokono, ina mpasuko mmoja tu.

Ni shufwa au witiri?

Witiri. Mbili zikizidishwa zinaishia kwa 2, 4, 8, 6, kisha zinarudia. Hatua ya 67 inaangukia 8, ukitoa 1 unabaki na 7. Ndiyo maana tarakimu yake ya mwisho ni 7.

Nani aliyeianza habari hii?

Alikuwapo mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliyeishi kati ya 1588 na 1648. Mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo ambavyo, kwa kauli yake, 2 kwa kipeo hicho toa 1 ni namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Sitini na saba imo. Alizitafuta kwa sababu ya namba kamili, zile ambazo vigawo vyake vikijumlishwa bila yenyewe vinarudisha namba ileile, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3, au 28 ambayo ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Kila namba tasa ya aina hii inazaa namba kamili moja.

Orodha yake ilikuwa na makosa. Alizitia 67 na 257 ambazo hazistahili, akaziacha 61, 89 na 107 zinazostahili. Simlaumu. Alikuwa na kalamu na wino, na namba za tarakimu 21.

Kauli kuhusu 67 ilidumu zaidi ya miaka 200. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba si tasa. Lakini hakuonyesha kigawo hata kimoja. Alijua inapasuka, hakujua inapasukia wapi.

Tarehe 31 Oktoba 1903, mjini New York, profesa Frank Nelson Cole alisimama mbele ya mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani. Inasimuliwa kwamba hakusema neno. Alikokotoa ubaoni 2 kwa kipeo cha 67, akatoa 1. Akahamia upande wa pili wa ubao, akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha kwa mkono mstari kwa mstari. Majibu mawili yakalingana. Akarudi kukaa, na ukumbi ukapiga makofi. Inasimuliwa pia kwamba alipoulizwa kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu kuwa ni Jumapili za miaka mitatu.

Huyo Lucas alijuaje kwamba si tasa bila kuona kigawo?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo lililonifanya niiandike namba ukutani.

Anayenunua nazi sokoni huiinua sikioni akaitikisa. Asiposikia maji anairudisha. Hajaivunja, hajaona ndani, lakini anajua. Lucas alitafuta mtikiso wa namba. Njia yake, ambayo baadaye mwanahisabati Mmarekani D. H. Lehmer aliinyoosha ikawa tunayoitumia leo, ni hii: anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2. Jibu ligawe kwa namba unayoichunguza, ushike baki tu. Baki hilo nalo lizidishe kwa lenyewe, utoe 2, ushike baki. Idadi ya hatua ni kipeo chako ukitoa 2. Ukiishia kwenye sifuri, namba ni tasa. Ukiishia kwenye kitu kingine chochote, si tasa. Kanuni hii ni ya namba za aina hii tu, kwa vipeo tasa kuanzia 3.

Jaribu kwa 31, yaani mashimo 5, hatua tatu. Unaanza na 4. Nne mara nne ni 16, toa 2 ni 14. Kumi na nne mara 14 ni 196, toa 2 ni 194, ukigawa kwa 31 linabaki 8. Nane mara nane ni 64, toa 2 ni 62, ukigawa kwa 31 linabaki 0. Basi 31 ni tasa.

Sasa 2,047, mashimo 11, hatua tisa. Mabaki yanakwenda hivi: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, 1,736. Tumeishia 1,736, si sifuri. Nazi haina maji. Tazama kwamba katika safari yote hiyo 23 haikutajwa, wala 89. Umethibitisha kwamba 2,047 si tasa, na bado hujui inapasukia wapi.

Kwa 67 hatua ni 65, kila moja ni ya kuzidisha namba ndefu na kugawa kwa tarakimu 21. Ni kazi ya mgongo, lakini ina mwisho unaojulikana tangu mwanzo. Kutafuta kigawo chenyewe hakuna ahadi ya namna hiyo, na ndiyo maana kati ya Lucas na Cole ikapita miaka 27.

Cole alijaribu namba moja moja mpaka akaipata?

La. Angejaribu kila namba mpaka kipeuo cha pili, angekabili namba zaidi ya bilioni 12. Mbinu zake zilikuwa za ndani zaidi ya nitakazoeleza hapa, lakini ipo kanuni moja ambayo hata mtoto wa kidato cha pili anaimudu, nayo inapunguza kazi mno: kila kigawo tasa cha namba iliyo ukutani, ukikitoa 1, lazima kigawanyike kwa 134. Yaani mara mbili ya 67.

Nitaionyesha kwa namba ndogo. Chomeka vijiti 23 mchangani kwa duara, uvipe namba 0 hadi 22. Simama kwenye 1. Kila hatua, zidisha namba uliyosimamia kwa 2, na ikizidi 22 toa 23. Unapita 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, kisha 1. Umerudi nyumbani kwa hatua 11.

Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat alisema mwaka 1640 kwamba duara likiwa na vijiti vya idadi tasa iliyo witiri, hatua zikitimia idadi hiyo toa 1, lazima uwe umerudi kwenye 1. Kwa vijiti 23 ni hatua 22. Sisi tulirudi kwa 11, maana yake ndani ya hatua 22 tunazunguka mara mbili kamili. Mzunguko mmoja lazima uingie kamili ndani ya 22, haiwezekani ukatike njiani.

Sasa rudi kwenye 67. Kama namba fulani tasa inaigawa 2^67 − 1, kwenye duara lake utarudi nyumbani kwa hatua 67. Haiwezi kuwa kabla, kwa sababu 67 ni tasa na haina mzunguko mdogo ndani yake. Basi 67 lazima iingie kamili ndani ya kigawo hicho toa 1. Na kwa kuwa kigawo ni witiri, ukikitoa 1 kinakuwa shufwa. Mbili na 67 zote zimo: 134.

Hakiki: 193,707,720 ukigawa kwa 134 ni 1,445,580 bila baki. Na 761,838,257,286 ukigawa kwa 134 ni 5,685,360,129 bila baki. Kwa hiyo mtu anayefuata kanuni hii tu, akipanda ngazi za 134 kutoka chini, atakifikia kigawo cha kwanza ngazi ya 1,445,580. Ipo kanuni ya pili, kwamba kigawo kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Hiyo inakata nusu ya ngazi. Ukizifuata zote mbili, namba tasa ya kwanza kabisa inayostahili kujaribiwa ni 1,609. Zote zilizo chini yake umezivuka bila kuzigusa.

Naweza kuhakiki mwenyewe bila kompyuta?

Unaweza, na ningefurahi ukifanya hivyo kuliko kuniamini mimi. Unahitaji karatasi pana, penseli, na saa moja ya utulivu.

Andika 761,838,257,287 juu, na 193,707,721 chini yake. Tarakimu za chini ni 1, 2, 3, 7, 9 na sifuri tu, nyingine zinajirudia. Kwa hiyo mistari ya kukokotoa ni minne:

Kwa 2: 1,523,676,514,574
Kwa 3: 2,285,514,771,861
Kwa 7: 5,332,867,801,009
Kwa 9: 6,856,544,315,583

Mstari wa 1 ni namba yenyewe. Panga mistari kuanzia tarakimu ya mwisho kulia, kila mmoja ukisogea hatua moja kushoto: 1, 2, 7, 7, kisha ruka nafasi moja ya sifuri, 7, 3, 9, 1. Jumlisha. Utapata namba iliyo ukutani.

Darasa langu la Jumamosi lilifanya hivyo kwenye manila, na mara ya kwanza halikulipata jibu. Walikuwa wamejumlisha kwa uangalifu, wakarudia kujumlisha, jibu likabaki lilelile lisilo sahihi. Nikawafundisha kutoa tisa. Jumlisha tarakimu zote za namba, na jumla yake nayo ijumlishe tena, mpaka ibaki tarakimu moja. Namba 193,707,721 inatoa 37, kisha 10, kisha 1. Namba 761,838,257,287 inatoa 64, kisha 10, kisha 1. Moja mara moja ni moja, basi jibu nalo lazima litoe 1. Namba ya ukutani inatoa 109, kisha 10, kisha 1. Yao ilitoa 4.

Tukaipitisha mistari mmoja mmoja. Mstari wa 7 ulipaswa kutoa 7, ukatoa 5. Binti aliyeukokotoa alikuwa ameandika 5,332,867,799,009. Alipofika tarakimu ya nne kutoka kulia alisema saba mara saba 49, akasahau kwamba ana 2 aliyoichukua. Na kwa kuwa saba zipo tatu, kosa moja lilikuwa limenakiliwa mara tatu. Alifuta, akaandika 801 mahali pa 799, akabaki ameishika ile penseli akiuangalia mstari kwa muda.

Tahadhari: kutoa tisa hakukamati tarakimu mbili jirani zilizobadilishana nafasi. Kwa hizo tumia kumi na moja: anza kulia, jumlisha ya kwanza, toa ya pili, jumlisha ya tatu, toa ya nne, hadi mwisho, kisha ugawe kwa 11 ushike baki. Ukiangukia chini ya sifuri, ongeza 11 mpaka uvuke sifuri. Vigawo vyetu viwili vinatoa 9 na 8. Tisa mara nane ni 72, linabaki 6. Namba ya ukutani inatoa 17, nayo linabaki 6.

Kompyuta inachukua muda gani kuipasua?

Kufumba na kufumbua. Kazi ya Jumapili za miaka mitatu sasa ni ya sekunde.

Basi hakuna tena namba isiyopasuka?

Zipo nyingi mno. Chukua 2 kwa kipeo cha 1,277, toa 1. Ina tarakimu 385. Mtikiso wa Lucas umeshafanyika na inajulikana wazi kuwa si tasa. Lakini hadi ninapoandika hapa, haijapatikana kigawo chake hata kimoja, pamoja na mashine zote za dunia. Iko pale ilipokuwa 2^67 − 1 kati ya 1876 na 1903.

Kwa upande wa namba tasa, kubwa zaidi iliyopatikana mpaka sasa ni ya ukoo huuhuu, 2 kwa kipeo cha 136,279,841 toa 1. Ilitangazwa Oktoba 2024 na ina tarakimu 41,024,320. Ukuta wangu hautoshi, wala kuta za Mikindani yote.

Mambo haya yanamsaidia nini mkulima wa Tandahimba au mvuvi wa Msimbati?

Wazazi huniuliza hili kwa heshima, nami nalijibu kwa uzito.

Kuzidisha namba mbili tasa ndefu ni rahisi. Kuitazama zao lake na kusema imetokana na zipi ni vigumu mno. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walitumia tofauti hiyo kutengeneza kufuli ya siri, inayojulikana kwa herufi za majina yao, RSA. Kila mtu anaweza kuiona namba kubwa, lakini anayejua vigawo vyake tu ndiye anayefungua. Kufuli ya aina hiyo ni mojawapo ya zinazolinda mawasiliano ya intaneti, zikiwemo tovuti za benki.

Uimara wake umejaribiwa hadharani. Namba ya tarakimu 129 iliyotolewa mwaka 1977 kama changamoto ilipasuliwa mwaka 1994, kwa msaada wa watu takribani 600 waliojitolea kompyuta zao. Ya tarakimu 250 ilipasuliwa mwaka 2020, kwa kazi ambayo kiini kimoja cha kompyuta kingeifanya kwa takribani miaka 2,700. Ya tarakimu 617 bado imefungwa.

Ila nisiwafiche: siyo hiyo sababu iliyonifanya nipende namba hii. Cole hakuwa na kufuli yoyote akilini mwaka 1903. Alitaka kujua.

Kwa nini zinaitwa tasa? Neno hilo linaumiza.

Kweli, na mama mmoja aliniambia hivyo akiwa amesimama mlangoni. Ndilo neno la vitabu vyetu vya shule, na watoto watalikuta kwenye mtihani, hivyo siwezi kuliacha. Darasani huwa naongeza kwamba hizi ndizo namba zinazozizaa nyingine zote kwa kuzidishana. Hakuna namba nyingine iliyo na uzao mkubwa kama huo.

Mwanangu bado hajaiweza jedwali la kuzidisha. Nimlete?

Mlete. Ataanzia kwenye bao na korosho, kama wenzake. Ile 3, 12, 48 ya mashimo mawilimawili haihitaji zaidi ya kujumlisha.

Nikipata kigawo cha ile yenye tarakimu 385, nikuletee wewe?

Kizidishe kwanza na mwenzake mbele ya watu, utoe tisa, utoe kumi na moja, na kigawo chenyewe ukitoe 1 uone kama kinagawanyika kwa 2,554, yaani mara mbili ya 1,277. Likikubali, njoo na rangi. Kulia kwa dirisha nimeacha futi sita za chokaa tupu.